Ukitaka Kuujua Muziki wa Gari, Tazama Taa

Mwanangu Zuhura,

Salamu tumeshapeana asubuhi ulipokuwa ukitoka, kwa hivyo sizirudii. Sasa uko Kisauni kwa shangazi yako, umekwenda kumuaga, nami najua hatakuachilia mpaka isha ipite, maana yule akimshika mtu mkono huwa kama gundi. Mimi niko karakanani hapa Likoni. Nimeshusha mlango nusu, nimevuta kigoda karibu na mwanga, na ninaandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa chekechea. Usizicheke. Wewe ndiye unayejua kwa nini ni kubwa.

Mambo ya sweta, ya kula vizuri na ya kutotembea na simu mkononi, mamako ameyasema wiki nzima, na kesho kabla hujaondoka atayasema tena. Mimi nina deni la jibu moja tu. Jana baada ya chakula uliniambia, "Baba, kazi ya gereji kule Thika naitaka. Lakini ukiniambia nikae, nitakaa." Nikainuka nikaenda kutawadha, na wakati wa sala haujafika. Tangu hapo tunapishana nyumbani kama wapangaji wawili wanaogombania bomba la maji. Swali lako lilikuwa la haki, nami nililikimbia. Nitalijibu, lakini nitazunguka kidogo, kwani mimi bila kuzunguka sifiki popote, nawe umenizoea.

Nianze na ile harusi ya feri. Unaijua kwa midomo ya watu, na kila mwaka wanaiongezea chumvi. Ulikuwa darasa la tatu. Swaleh, mtoto wa kakangu, alikuwa ameposa Kisauni, na siku ya nikaha ilikuwa tumpeleke bwana harusi kwa msafara, tuvuke feri, twende mpaka huko na ngoma zetu. Kakangu akanipa mimi kazi ya muziki. Tulikodi gari refu la jirani, wanawake wapande humo na waimbe, nami nifunge spika na amplifaya.

Nilifunga spika mbili kubwa nyuma. Chini ya kiti cha mwisho palibaki nafasi, na ile nafasi nilijua fika ni ya nini. Ilikuwa ya betri ya pili, ya muziki peke yake, yenye waya wake, ili betri ya injini iachwe ifanye kazi yake ya kuwasha gari. Fundi aliyenifundisha alinikaririsha hilo mpaka nikalichoka. Lakini nilipoitazama nafasi ile mimi niliona spika ya tatu. Spika inaonekana, mwanangu. Betri haionekani. Sijawahi kusikia mtu akipita barabarani akasema, mashallah, gari hili lina betri. Basi nikaweka spika ya tatu, nikazungushia na taa za rangi, nikajiona bwana.

Siku yenyewe foleni ya feri ilikuwa ndefu. Magari yamezima injini, jua linachoma, lakini muziki wetu unakwenda. Msafara wa bwana harusi haunyamazi, ukinyamaza watu husema pana jambo. Tukaingia kwenye feri, injini imezimwa kama kanuni inavyotaka, muziki bado unakwenda, na wapita kwa miguu wanaucheza. Mamako alikuwa kiti cha mbele na wanawake wenzake wako nyuma yake. Akanishika bega.

"Baba Zuhura, taa hizi za hapa mbele zafifia kila ngoma ikipiga. Huoni?"

"Wewe imba," nikamwambia. "Mambo ya waya niachie mimi."

Wanawake wakacheka. Mamako hakucheka, wala hakuimba.

Feri ikafika ng'ambo, lango likashuka. Dereva akazungusha ufunguo. Gari likasema tik, basi. Na palepale muziki nao ukakata. Nyuma yetu malori yakaanza kupiga honi, na kijana mmoja wa feri akapaza sauti, "Toeni hiyo harusi hapo!" Swaleh akateremka na joho lake na kilemba chake, akaweka mikono nyuma ya gari. Shangazi yako akapiga ukelele, "Bwana harusi hasukumi gari! Ni kisirani hicho!" Swaleh akamjibu, "Shangazi, kisirani ni kulala hapa," akasukuma. Ile njia ya kupandia unaijua ilivyo na mlima. Walisukuma watu ambao hata hawakutujua, wenye vikapu vyao na watoto mgongoni. Mpaka tupate gari la kututia umeme tuwake, kanzu ya bwana harusi ilikuwa na viganja vyeusi kama ukuta wa gereji.

Tulipofika Kisauni, sheikh wa kuozesha alikuwa ameshakwenda nikaha nyingine. Tuliketi tukamngoja mpaka baada ya isha, sharubati ishapata moto. Ami yake bibi harusi, mzee mtulivu asiye na maneno mengi, alinisogelea akaniambia, "Mngetujia kimya, lakini kwa wakati." Hakunigombeza zaidi ya hapo. Afadhali angenigombeza.

Nilichojifunza siku ile kwa upande wa kazi ulikinyonya kwangu tangu ukiwa mdogo. Umeme ukiwa hautoshi, spika ndiyo ya mwisho kukwambia. Amplifaya haioni haya, inavuta tu, inavuta hata kisichokuwepo, na muda wote huo ngoma yapiga na watu wacheza. Kinachopungua ni taa. Ukitaka kuujua muziki wa gari, acha kusikiliza spika, tazama taa. Zikipepesa kila besi ikipiga, kuna mahali pananyonywa. Tangu hapo sijafunga kazi bila kuuliza kwanza betri ni ya ukubwa gani na oltaneta ya kuichaji inazalisha kiasi gani, halafu ndiyo tuongee spika. Wateja wengine walinikimbia kwa hilo. Mmoja aliniambia yeye amekuja kununua kelele, hakuja darasani.

Na huko uendako utaletewa waya mnene kwa nje, ukiukata ndani ni plastiki tupu na nyuzi chache za alumini zilizopakwa rangi ya shaba. Utaambiwa waya wa athi, ule wa kurudisha umeme kwenye bodi, unaweza kuwa mwembamba kwa sababu "unarudi tu", kana kwamba kinachorudi ni kidogo kuliko kilichokwenda. Utaambiwa fyuzi iwekwe karibu na amplifaya kwa sababu ndipo mkono unapofika, na wewe unajua kwamba fyuzi ni ya kuulinda waya, kwa hivyo inakaa karibu na betri. Lakini naona nimeanza kukufundisha tena, na katika haya ulinishinda zamani.

Lililonichukua muda mrefu zaidi ni la nyumbani.

Mamako, kabla sijafungua karakana hii, alikuwa akishona kofia za vito, zile za kutariziwa kwa mkono. Hukuwahi kumwona katika ujana wake wa kazi hiyo. Kofia moja aliweza kuishughulikia mwezi, tundu kwa tundu, na watu wa Mtongwe walikuwa wakija mpaka mlangoni kumwomba awawekee ya Idi. Nilipofungua karakana, nikawa na tabia ya ukarimu. Mteja akifika saa sita namwambia twende nyumbani tule. Leo wawili, kesho wanne na dereva wao. Nilisifiwa mji mzima, fundi mkarimu, fundi hana choyo. Nani aliyekuwa akikuna nazi? Sikujiuliza. Nilikuwa naisikia sifa yangu ikivuma, na debe tupu haliachi kuvuma. Kofia ziliacha kuonekana nyumbani kidogo kidogo, nami nikasema moyoni, ni umri, macho ya mwanamke huchoka.

Kisha kakangu akamtaka amshonee kofia ya kwenda nayo Hija. Mamako akaichukua sindano, akaigeuza geuza, akairudisha kwenye mkebe. "Mkono umesahau, shemeji," akasema. Alisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Mimi nilikuwa nakula. Niliona aibu nikaisogeza sahani kando, na nilikumbuka mkono wake begani mwangu kwenye feri. Tangu siku hiyo wateja wanakula kibandani kwa Mama Kadzo. Mamako alirudi kushona polepole, lakini hizo kofia za miaka ya katikati hazipo, na hakuna wa kuzilipa.

Sasa tuje kwako, na hapa kalamu inakuwa nzito.

Macho yangu yalianza na ukungu mwaka juzi. Kwanza nikasema ni vumbi, halafu nikasema ni taa za karakana. Namba za mita ya kupimia umeme zikawa zinacheza, nane inakuwa tatu, tatu inakuwa ukungu tu. Siku moja nilikuwa nimeinamia gari la mwalimu mmoja wa Mtongwe, nimekazia macho mita kama mtu anayesoma barua ya kizungu, nawe ukaja ukasimama pembeni. Hukuniambia, "Baba, huoni." Ulisema kwa sauti ya kutaka kujua, "Baba, kumi na mbili na nusu, inatosha?"

Nami nikajibu kwa sauti ya mwalimu, "Inatosha. Endelea."

Basi ikawa ndiyo desturi yetu, wala hatujawahi kuiongelea. "Baba, hapa nyekundu si ndiyo inakwenda kwenye fyuzi?" "Baba, imeshuka mpaka kumi na moja, ni sawa?" Wewe unaniuliza ili mimi nione. Wateja wakatupenda. Wakawa wanasema, angalia baba anavyomfundisha bintiye, na bintiye alivyo na adabu. Nami nilikuwa naitikia hizo sifa, mwanangu. Nilikuwa naitikia na kutabasamu. Kila ulipouliza, wewe ulishuka ngazi moja na mimi nikapanda moja, na hakuna aliyeona ila sisi wawili. Mamako aliona pia, lakini huyo ana desturi ya kuona.

Wiki iliyopita akaja yule dereva wa lori, mtu wa bara, anayebeba makontena bandarini Kipevu na kupanga chumba Magongo. Alitaka muziki kwenye kibanda chake cha dereva, kwa sababu safari ya usiku bila muziki ni ndefu. Lori lina betri mbili zilizoungana, umeme wake ni volti ishirini na nne, na amplifaya yataka kumi na mbili. Mafundi wavivu hufunga waya kwenye betri moja kati ya zile mbili, wakapata kumi na mbili yao. Muziki unalia vizuri sana. Betri moja inanyonywa, nyingine inajazwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili zinakufa njiani huko gizani. Mimi si fundi mvivu. Lakini niligusa, nikadhani nimeshika mwisho wa betri zote mbili, kumbe nimeshika katikati zinapoungana, na nikaanza kukaza.

Ukaja. "Baba, hapa si tutakuwa tunainyonya betri moja? Si tutumie kile kipunguza umeme?"

Yule dereva akacheka. "Mzee, mfunze huyu msichana kwanza, bana. Asituchomee gari."

Nami nikacheka naye. Nikasema, "Atajua tu, pole pole."

Uso wako sikuuona sawasawa, ndivyo macho yangu yalivyo. Lakini niliona mikono yako imesimama juu ya zile betri, haiendi mbele wala nyuma. Kisha ukaenda ndani, ukaleta kipunguza umeme, ukakifunga wewe, ukapitisha nyaya wewe, ukakwangua rangi ya bodi pale pa athi mpaka chuma kikang'aa. Ulifanya kazi mchana kutwa. Mimi nilisimama kando nikimweleza dereva unachokifanya. Jioni akanipa mkono mimi, wewe akakupungia.

Tangu siku hiyo silali vizuri, na si kwa sababu ya dereva, ni kwa kile kicheko changu. Wewe ulikuwa umeniokoa, nami nikakuuza kwa kicheko ili mtu nisiyemjua asijue kwamba sioni.

Sasa sikia. Jana uliponiuliza, mimi nilitaka kukwambia ukae. Nisikudanganye katika hili. Maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni. Ningesema Thika ni baridi. Ningesema mamako atakuwa mpweke, na kwamba wenye gereji za huko hawana subira na msichana wa pwani. Yote hayo huenda ni kweli, na hata moja si sababu. Sababu ilikuwa kwamba bila wewe mimi si fundi tena, na sikujua mtu anaamkaje asubuhi akiwa si fundi. Ndiyo maana nilikimbilia maji ya udhu. Niliogopa nikifungua mdomo nitasema "kaa", nawe ungekaa. Wewe ungekaa, nakujua, na ungekaa bila kununa, ukaendelea kuniuliza maswali ambayo majibu yake unayo, mpaka siku moja uamke usikumbuke kwamba ulikuwa unayajua.

Leo asubuhi, ulipokwisha kuondoka, dereva alirudi na lori lake kunishukuru. Akawasha, akaweka nyimbo zake za kwao, akaongeza sauti, akapiga makofi kwenye usukani.

"Mzee, wewe ni moto! Hii ni kazi!"

"Kazi hiyo si yangu," nikamwambia. "Ni ya binti yangu, mwanzo mpaka mwisho."

Akadhani natania. "Yule msichana?"

"Yule. Mimi macho yangu hayaoni namba. Nilikuwa nafunga vibaya, akanizuia. Wewe ulipomcheka, yeye ndiye aliyekuwa anakuokolea betri zako."

Akapunguza muziki. "Sasa wewe, kusimama pale mchana kutwa na kunieleza, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namshikia tochi," nikasema.

Sikukusudia kuchekesha lakini alicheka, kisha akaacha. Akasema, "Basi nipe namba yake. Lori likinisumbua siwezi kumpigia mshika tochi." Nikampa. Nilimwona akiiandika kwenye simu, na nikamsikia akisema polepole anapoandika, "Fundi Zuhura." Akaniambia nikusalimie, na kwamba maneno yake ya siku ile uyasamehe.

Maneno Likoni hayahitaji gari. Kabla ya adhuhuri yule mwenye gari la bluu, aliyekuwa aje leo kufungiwa spika, ametuma mtu kusema ataleta siku nyingine, na siku nyingine yake naijua ni ipi. Jirani muuza matairi amepita akasema, "Pole, fundi," kana kwamba nimefiwa. Iliniuma. Nisiseme haikuniuma. Nilikaa juu ya betri kuukuu nikajihurumia mpaka mamako akaleta chai, akaniona.

"Umemwambia mtu?" akauliza.

"Nimemwambia dereva wa lori."

"Basi umeuambia mji." Akaketi. "Jumatatu twenda kliniki ya macho. Nshaulizia. Huenda ni mtoto wa jicho tu, na huyo huondolewa."

"Na kama si huyo?"

"Kama si huyo utachaji betri za watu na kuuza fyuzi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mwanangu haendi kuwa macho ya mtu mzima anayeogopa daktari."

Umeona mamako alivyo. Miaka yote hii alikuwa anangoja nimwulize.

Kwa hivyo usije ukabaki kwa sababu ya kliniki, wala kwa sababu karakana itakuwa kimya siku mbili tatu. Usibaki pia kwa kunionea huruma, maana huruma yako nimeitumia ya kutosha. Nitakukosa, Zuhura. Nitakukosa mpaka nitakuwa naita jina lako nikitaka bisibisi, na jirani ataniona mwendawazimu. Hayo ni yangu, niachie niyabebe.

Jibu langu ni hili: nenda. Radhi zangu unazo zote, sijabakisha hata ya kukutishia baadaye. Nenda kwa moyo mmoja, usigeuke nyuma kila kituo kuangalia kama nimekasirika. Sikukasirika.

Na neno moja la kazi, halafu nanyamaza. Siku ya kwanza huko watakupa mita, na watakuwa wamekuzunguka kukutazama. Wengine watakuwa wanangoja ukosee. Utaishika, utaisoma, na najua sauti itakayotaka kukutoka, ile ya kuniuliza mimi. Izuie. Usimuulize mtu yeyote kama inatosha. Inyooshe shingo, uwaambie namba, na uwaambie inatosha au haitoshi.

Ni mimi babako,
mshika tochi wako